Siki, pipa au umeme? Njia za kusafisha sarafu za kawaida zilizotoka ardhini

Mwenye mashine ya kugundua metali, au ditekta kama wengi wanavyoiita, huchimba chenji kuliko kitu kingine chochote, ukiacha vizibo vya chupa na vipande vya foili. Ni sarafu za juzi na jana, zilizomdondoka mtu mfukoni ufukweni, uwanjani au chini ya bembea za watoto. Thamani yake ni ile ile iliyoandikwa juu yake, haizidi. Ila zinarundikana, na baada ya muda una kopo zima la vitu vyekundu, vyeusi na vya kijani ambavyo muuzaji atavigeuzageuza kwa mashaka na mashine ya kuhesabia sarafu itavitema.

Uliza watu watano uzisafishe na nini, utapata majibu matano. Huyu anaapia siki na chumvi, yule pipa la kuzungusha, mwingine umeme, na hakosekani wa mafuta ya zeituni. Kinachochekesha ni kwamba karibu wote wanasema kweli, maana kila mmoja alikuwa na metali yake mkononi. Siki inayoitakasa sarafu ya shaba kwa dakika kumi ndiyo hiyo hiyo inayoila sarafu ya zinki mpaka ikabaki ganda. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, jua umeshika nini. Uchafu usikupumbaze, metali ndiyo inayochagua dawa.

Zitenge kwanza

Mimina sarafu zote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji, ziache zilale humo usiku kucha. Usisugue. Mchanga kwa sehemu kubwa ni kwatzi, jiwe lenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ilhali shaba na fedha ziko karibu na 3. Ukiifikicha sarafu kwa kidole gumba pale pale shimoni ili uone mwaka, na najua mkono huwasha, ni sawa na kuipiga msasa. Kwa sarafu ya kununulia vocha si kitu. Kwa ile moja ambayo kumbe haikuwa ya kawaida, umeshaiharibu kabla hujafika nyumbani.

Asubuhi zisuuze, zikaushe kwa kuzigandamiza na kitambaa, kisha zipange chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni. Mwanga wa namna hiyo hutupa kivuli kwenye kila herufi iliyochakaa, na mwaka uliokuwa hausomeki husomeka. Weka kando chochote usichokitambua, chochote cha fedha halisi na chochote cha zamani kuliko ulivyotarajia. Hizo hazihusiki kabisa na yanayofuata. Kampuni zinazopanga sarafu kwa madaraja, kama PCGS na NGC, hutambua sarafu iliyosuguliwa au kuchovywa kwenye asidi na huliandika jambo hilo waziwazi kwenye lebo. Mnunuzi akilisoma, bei inaporomoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na ngozi ya juu ya sarafu ni hivyo hivyo.

Kuna miaka inayofaa kukaa kichwani. Sarafu za Marekani za senti 10 na 25 zilizopigwa hadi 1964 ni fedha asilimia 90. Sarafu nyeupe za Uingereza ni fedha asilimia 92.5 kwa zile za kabla ya 1920, na asilimia 50 kuanzia hapo hadi 1946. Jicho lenyewe litakusaidia pia: fedha hutoka ardhini ikiwa nyeupe, au nyeupe yenye weusi mwembamba juu, wakati sarafu ya shaba na nikeli iliyolala muda mrefu hutoka na wekundu wa kahawia hadi unaweza kudhani ni shaba tupu. Ukiona weupe unachungulia kwenye udongo mweusi, punguza kasi.

Zilizobaki zipitishie sumaku, halafu mizani ndogo yenye kusoma sehemu za gramu. Sumaku hunasa sarafu za chuma kilichopakwa metali nyingine, ambazo siku hizi zimejaa kila mahali: peni 1 na peni 2 za Uingereza tangu 1992, peni 5 na peni 10 zilizoanza kutoka 2012, na senti 1, 2 na 5 za yuro. Mizani inasaidia pale macho yanaposhindwa. Senti 1 ya Marekani ya shaba ina uzito wa gramu 3.11; mwaka 1982 walibadilisha katikati ya mwaka, na tangu hapo ni zinki yenye ngozi nyembamba ya shaba, gramu 2.5. Mbili za mwaka huo zinaweza kulala bega kwa bega, sura moja, moja ikavumilia siki na nyingine ikaangamia humo.

Hapo una vikundi vyako: shaba na aloi zake (michanganyiko yake na metali nyingine) za kahawia, nyeupe za shaba na nikeli, za manjano, za zinki, za chuma, na mara chache alumini. Sasa tuangalie njia.

Pipa la kuzungusha

Hii ni mashine ya kung'arishia mawe. Ni mota ndogo inayozungusha pipa la mpira polepole, saa baada ya saa. Ndani unatia sarafu, changarawe za tangi la samaki, maji na tone la sabuni. Sarafu zinapoviringika, changarawe zinakwangua gamba kidogo kidogo pande zote, hata kwenye kingo ambako mswaki haufiki. Kwa mtu mwenye kopo zima la chenji, hakuna njia inayokaribia hii, na nitalisema mapema ili asiye na muda aishie hapa: sarafu zikiwa nyingi, pipa.

Ila pipa nalo lina masharti, na watu wengi wanaolilaumu hawakuyafuata.

La kwanza ni kutochanganya rangi. Ukitia sarafu za shaba pamoja na nyeupe, shaba inayomeguka na kuyeyuka inawarukia wenzake, na nyeupe zako zitatoka na wekundu wa waridi ambao mzunguko mwingine hauutoi kirahisi. Wekundu huo ukishakolea, sarafu inakuwa na sura mbaya kuliko ilivyokuwa na udongo wake. Shaba peke yake, nyeupe peke yake, manjano peke yake. Ikiwezekana hata changarawe usizibadilishane; zile zilizotumika kwa shaba ziwe za shaba milele. Na hazirudi kwa samaki kamwe, maana shaba kidogo tu majini ni sumu kwao.

La pili ni kutojaza. Pipa lililojaa pomoni halikwangui, vitu vimebanana vinazunguka kama donge moja. Lijaze nusu hadi theluthi mbili, changarawe zikiwa nyingi kuliko sarafu, na maji yapande kidogo tu juu ya vyote. Utasikia tofauti: pipa lililojazwa vizuri lina mnong'ono wa kuporomoka usiokatika, lililozidishwa linatoa vishindo vya mara moja moja. Mashine yenyewe ina kelele za kukera, kwa hiyo iweke chumba usicholala.

La tatu ni muda. Fungua baada ya saa moja. Maji yatakuwa meusi, yenye povu la kijivu na harufu ya chuma. Yamwage, suuza, tazama, weka maji mapya, rudisha zilizobaki na uchafu. Za shaba mara nyingi hutosheka mapema. Nyeupe za shaba na nikeli ni ngumu zaidi na huhitaji kuachwa saa kadhaa. Ukizisahau humo siku nzima, kingo zinaviringana na sura ya mfalme au rais inalainika mpaka akapoteza pua. Mashine ya kuhesabia bado itaipokea, lakini ni sarafu iliyozeeshwa kwa nguvu.

Wako wanaoongeza siki ndani ya pipa ili kuharakisha. Kwa sarafu chache za nyeupe, kijiko kimoja kinasaidia kweli. Lakini pipa limefungwa, na asidi ikikutana na zinki hutoa haidrojeni. Siki ikikutana na soda ya kuokea hutoa kaboni dayoksaidi. Gesi haina pa kwenda. Kifuniko kikiruka, una tope jeusi darini. Mimi nasema sabuni inatosha, na asiyeamini afungue pipa lake kila baada ya dakika chache kupunguza gesi.

Asiye na mashine anaweza kutumia chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, changarawe zile zile na mikono yake. Inafanya kazi kwa sarafu chache, na mikono inauma.

Siki na chumvi

Njia hii imependwa kwa sababu vitu vyake viko jikoni kwa kila mtu na matokeo yanaonekana kwa macho. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Asidi inayeyusha oksaidi ya shaba, ule weusi na wekundu wa juu, na chumvi inaichochea ifanye kazi hiyo haraka zaidi. Tumbukiza sarafu nyeusi ya shaba, ihesabie dakika tano, na utaona rangi ya waridi inachomoza pembezoni kwanza, kisha kwenye herufi, kisha uso mzima.

Waridi hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Sarafu iliyosafishwa kwa siki haifanani na sarafu mpya wala sarafu iliyotumika. Inafanana na kitu kilichochunwa ngozi. Kwa matumizi ya dukani haina neno, hakuna atakayeikataa. Kwa mtu anayetaka kuiweka kwenye albamu ni hasara.

Kasoro ya pili hujitokeza baadaye. Usiposuuza sawasawa, mabaki ya asidi na chumvi yanaendelea na kazi, na baada ya siku chache sarafu iliyokuwa ikimeremeta inaota kijani. Dawa yake ni kuitoa kwenye siki moja kwa moja hadi kwenye maji yenye soda ya kuokea ili kuizima asidi, kisha kuisuuza kwa maji mengi, na mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa kama unayo. Ikaushe kabisa, hasa ile mifereji iliyo pembezoni. Hatua hii watu huiruka, halafu wanasema siki haifai.

Chumvi yenyewe si ya lazima. Siki peke yake inakwenda taratibu na inasamehe zaidi. Kwa sarafu nyeupe nusu saa ndani ya siki tupu, ikifuatwa na mswaki laini, huondoa gamba jekundu kiasi cha kuridhisha. Maji ya limau yanafanya kazi ile ile kwa asidi nyingine, na soda nyeusi ya kunywa pia, kwa asidi ya fosforiki iliyomo. Sioni cha kuzifanya bora kuliko siki. Zina sukari au nyuzinyuzi za kusafisha baadaye.

Mahali ambapo siki haitakiwi kabisa ni kwenye zinki na kwenye chuma. Chukua senti ya Marekani ya miaka ya karibuni iliyokaa ardhini, uitazame ubavuni kwa lenzi. Utakuta ngozi ya shaba imetoboka mahali fulani, na chini yake unga mweupe au kijivu. Itie kwenye siki na mapovu madogo yataanza kupanda kutoka kwenye tundu lile lile, mfululizo. Hiyo ni haidrojeni, na kila povu ni zinki iliyoondoka. Kwenye sarafu za chuma mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine: asidi inapenya chini ya ngozi ya nikeli au shaba pale ilipopasuka, ngozi inavimba, na kutu inaanza kutoka ndani.

Umeme

Elektrolisisi ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo yenye watu wengi waliopotoshwa. Kanuni yake ni rahisi. Sarafu inafungwa kwenye upande hasi wa chaja ya mkondo mnyoofu (DC), volti 5 hadi 12 zinatosha. Upande chanya unapewa kipande kingine cha metali au fimbo ya kaboni. Vyote viwili vinazama kwenye maji yenye kijiko cha magadi bila kugusana. Umeme ukipita, mapovu ya haidrojeni yanazaliwa juu ya uso wa sarafu yenyewe, chini ya gamba, na yanalisukuma gamba kutoka ndani. Unaona wingu la kahawia likishuka. Baada ya dakika chache sarafu inatolewa, inasuguliwa kwa mswaki, na kilichokuwa donge kinakuwa na sura.

Kinachovutia ni kwamba metali yenye afya iliyo chini haiyeyuki, kwa kuwa sarafu iko upande hasi. Kinachohuzunisha ni kwamba gamba lilikuwa limekwisha kula metali hiyo muda mrefu, na ukiliondoa unabaki na uso wenye vishimo. Umeme haurudishi kilichoondoka. Unakuonyesha tu kilichobaki.

Sasa usalama, na hapa sitabana maneno. Usitumie chumvi ya mezani badala ya magadi au soda ya kuokea. Chumvi kwenye umeme hutoa klorini, gesi ya sumu, na utaijua kwa harufu inayochoma pua. Usitumie kijiko cha chuma kisichoshika kutu kwenye upande chanya, ingawa maelekezo mengi yanakiweka; chuma hicho kina kromiamu, na kikiliwa na umeme kinaweza kuiacha majini katika umbo lenye sumu kali. Fimbo ya kaboni au chuma cha kawaida ndivyo vya kutumia. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni inawaka. Zima umeme kabla ya kutia mkono. Na usimwage maji yake bustanini.

Udhaifu mkubwa wa umeme kwa chenji ya kawaida ni kwamba sarafu huenda moja moja. Unaifunga, unasubiri, unaifungua, unasugua. Kwa kopo lenye mamia ya sarafu, ni kujitafutia adhabu. Mimi ningeuhifadhi kwa zile chache zilizobaki baada ya pipa kushindwa, zilizogandamana na mchanga wa pwani na kutu ya msumari wa jirani hadi hujui ni sarafu au kifungo. Hapo unautumia kujua ni nini, na hiyo peke yake ni kazi yenye maana.

Onyo la alumini: sarafu ya yeni 1 ya Japani ni alumini tupu, gramu 1 kamili. Magadi huila alumini. Sarafu za aina hii zioshe kwa maji na sabuni, basi.

Nyingine ambazo utazisikia

Mashine ya mawimbi ya sauti, ile ya kusafishia miwani, hutetemesha maji hadi vipovu vinazaliwa na kupasuka juu ya sarafu. Inatoa udongo uliojificha kwenye herufi vizuri sana, na haikwaruzi. Lakini haishughuliki na oksaidi. Mtu anayetegemea itoe weusi atabaki na sarafu nyeusi iliyo safi. Ni msaidizi mzuri wa hatua ya kwanza kama tayari unayo; kununua kwa ajili ya chenji, hapana.

Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa kwa watu wa sarafu za kale. Sarafu ya shaba inazamishwa na kuachwa wiki kadhaa, pengine miezi, gamba linalegea, linachokolewa kwa kijiti cha mbao chini ya lenzi. Ni kazi ya subira kwa kitu chenye thamani. Kuzamisha sarafu ya juzi kwenye mafuta kwa miezi miwili ni kuipa heshima ambayo haikuiomba.

Foili ya alumini, soda ya kuokea na maji moto: hii ni kwa weusi wa fedha peke yake. Weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa. Sarafu ikigusa foili ndani ya maji hayo, salfa inahamia kwenye alumini, na utasikia harufu ya yai viza. Inafanya kazi kwa dakika chache. Lakini fedha si chenji ya kawaida tena, na tulikwisha kuiweka kando. Labda kwa kipande kilichochakaa na kutobolewa ambacho hakina mnunuzi.

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda, huchemka juu ya shaba chafu na kulegeza udongo. Si mbaya. Usiichanganye na siki tu, maana vikiungana hutengeneza kemikali inayounguza kuliko vyote viwili. Na hapo hapo, dawa ya kung'arisha nguo isikutane na siki wala amonia, leo wala kesho.

Brashi ya waya na stiliwaya sizilinganishi na kitu. Hizo zinakwangua sarafu, hazisafishi.

Ubavu kwa ubavu

Tukizitazama kwa muda wako, kwa maana ya dakika unazokaa umeshika kitu mkononi, pipa linaongoza kwa mbali. Linafanya kazi saa nne, wewe unafanya kazi dakika kumi na tano. Siki inakudai uwepo, kwa sababu tofauti ya dakika kumi na saa moja ni sarafu nzuri na sarafu iliyochunwa. Umeme unakudai kwa kila sarafu peke yake.

Kwa gharama ya kuanzia, siki haina mpinzani. Umeme ni nafuu kwa mwenye chaja ya zamani iliyolala kabatini na anayejua waya upi ni hasi. Pipa ni la kununua, na lina mkanda wa mpira unaolegea na kuteleza baada ya matumizi mengi, kwa hiyo uwe na mkanda wa akiba.

Kwa sura ya mwisho, pipa linatoa sarafu inayofanana zaidi na iliyotumika kawaida: imefifia kidogo, imelainika, haina rangi ya ajabu. Mtu hataitilia shaka. Siki inatoa waridi kwenye shaba na rangi ya kijivu isiyo na uhai kwenye nyeupe. Umeme unatoa uso wa vishimo. Kama lengo ni kurudisha sarafu kwenye mzunguko, kufanana na wenzake ndiyo sifa yenye maana, na ndiyo maana narudi kwenye pipa.

Kwa kukosea, siki na umeme vinafanya kosa haraka, pipa linafanya kosa polepole. Hiyo ni faida kuliko inavyosikika. Unaweza kufungua pipa, ukaona, ukasimama.

Basi kwa vikundi vyako, ningeenda hivi. Nyeupe za shaba na nikeli, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi na ndizo zenye thamani zaidi koponi, ziende pipani peke yake kwa muda mrefu. Zenye gamba jekundu sugu zilowekwe kwanza kwenye siki tupu nusu saa, zisuuzwe, ndipo ziingie. Shaba na aloi zake za kahawia, pipani kwa muda mfupi, au siki kama ni chache. Za manjano zinahitaji upole zaidi. Senti 10, 20 na 50 za yuro, zilizotengenezwa kwa aloi iitwayo dhahabu ya Nordiki, hazina dhahabu hata chembe. Ni shaba asilimia 89 na mabaki ni alumini, zinki na bati kidogo. Zinastahimili ardhi vizuri, na mara nyingi sabuni na mswaki laini vinatosha. Zikipakwa asidi, zinki inayeyuka upesi kuliko shaba na manjano yanageuka mabaka mekundu.

Zile za metali mbili, pete nje na kidonge ndani, kama yuro 1 na 2 au pauni 1 ya Uingereza iliyotoka 2017, zina tatizo lao. Udongo na unyevu hujificha kwenye mshono. Ziloweke, zipige mswaki kuzunguka mshono, zizungushe pipani kwa muda mfupi na zikaushwe kwa hewa ya moto. Siki ikiingia kwenye mshono haitoki, na kijani kitaota humo baadaye. Wakati mwingine kidonge kinakuwa kimeshalegea na kinachomoka kabisa. Hiyo haina njia.

Chuma kilichopakwa: maji, sabuni, mswaki, kausha haraka sana. Kama kutu imekwisha kuvimbisha ngozi, umechelewa, wala usijisumbue. Pipa litamalizia kuibandua.

Na zinki? Kama ngozi yake ya shaba bado ni nzima, maji na sabuni. Kama imetoboka, achana nayo: mashine ya kuhesabia hutambua sarafu kwa ukubwa, uzito na jinsi metali yake inavyoitika kwa sumaku ya umeme, na sarafu iliyoliwa inashindwa vyote vitatu. Hizo ziweke kwenye chombo chake pamoja na vizibo na misumari, ziende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Vaa glavu unapomwaga maji ya mwisho. Ardhi ya mahali palipokaliwa muda mrefu huwa na risasi, na tope la pipa huikusanya pamoja na shaba. Liache tope litulie chini ya ndoo, mimina maji ya juu taratibu, lililobaki lifunge kwenye mfuko na ulitupe na taka. Usilisugue likiwa kavu. Vumbi lake si la kuvuta puani.